MAKAMBAKO NA NJOMBE: MJI UNAPOFIKA SHAMBANI

 

Mwezi huu twende pamoja safari fupi. Tutaanzia Makambako, kisha tutapanda hadi Njombe. Ni mwendo wa kilomita 60 hivi, na barabara yote ni ya lami. Hatutakaa katikati ya mji kutazama maduka makubwa. Tutatazama pembeni, mahali ambapo nyumba zinakutana na mashamba. Huko ndiko mambo yanakobadilika haraka. Wakulima wengine wanapata faida kubwa huko. Wengine wanapoteza hata kile walichoachiwa na wazee wao.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu hunipitisha katika mashamba ya pembeni mwa miji hii, mvua na jua. Haya ninayokueleza unaweza kuyaona kwa macho yako ukifika.

NJIA PANDA YA MAKAMBAKO

Makambako ni njia panda. Barabara kuu inatoka Dar es Salaam, inapita Iringa, inafika Makambako, kisha inaendelea Mbeya na Tunduma hadi Zambia. Hapo Makambako inachepuka barabara ya kwenda Njombe na Songea. Lami ya barabara hiyo iliwekwa miaka ya 1980. Na reli ya TAZARA nayo inapita hapo hapo.

Reli hii ina historia yake. Ujenzi ulianza mwaka 1970. China iliwakopesha Tanzania na Zambia fedha bila riba. Urefu wa reli ni kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote ni ile ya kati ya Mlimba na Makambako. Reli ilibidi itoke chini katika bonde la Kilombero na kupanda milima hadi huku juu kwenye baridi. Mafundi walitoboa milima na kujenga madaraja mengi. Kazi ilimalizika mwaka 1975, na mwaka 1976 reli ilikabidhiwa rasmi kwa nchi hizi mbili.

Mahali palipokutana reli na barabara mbili, watu hawakosi. Dereva wa lori anataka chakula na mahali pa kulala. Msafiri wa Songea anangoja basi. Mwenye viazi anatafuta mnunuzi. Kwa sababu hiyo mji ukaanza kukua.

Tazama hesabu hii. Katika sensa ya mwaka 2012, Halmashauri ya Mji Makambako ilikuwa na watu 93,827. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa 146,481. Kwa miaka 10 tu wameongezeka watu 52,654. Mahali palipokuwa na watu 100, sasa wapo 156. Mji wa Njombe nao ulikuwa na watu 130,223 mwaka 2012. Mwaka 2022 walifika 182,127. Njombe iliongezewa nguvu na jambo jingine: mwaka 2012 ilikuwa makao makuu ya mkoa mpya, uliokatwa kutoka mkoa wa Iringa.

Watu hao wote wanahitaji mahali pa kujenga. Wanajenga wapi? Wanajenga pembeni, juu ya mashamba ya mahindi na viazi.

MJI UNAKUAJE?

Ukitembea kutoka njia panda ya Makambako kuelekea pembeni, utauona mji katika hatua zake zote, kama mtoto anavyokua.

Kwanza huja barabara. Hata ikiwa ya vumbi, pikipiki zinaanza kupita. Pili huja umeme. Umeme ukifika, mashine ya kusaga inafunguliwa, kisha fundi wa kuchomelea milango na madirisha. Tatu huja vyumba vya kupanga, kwa sababu walimu, madereva na vijana wa kazi wanahitaji mahali pa kulala. Nne huja maduka. Panapokuwa na wapangaji 20, panapatikana genge la nyanya, saluni na mama lishe.

Siku hizi kuna biashara ambazo wazee wetu hawakuzijua. Mojawapo ni ya wakala wa fedha za simu. Huyu anakaa katika kibanda kidogo. Unampa fedha, yeye anaziingiza katika simu yako. Au unatoa fedha zilizotumwa na mwanao aliyeko Dar es Salaam. Huduma hii ilianza hapa nchini mwaka 2008, na sasa imefika hata vijijini. Nyingine ni bodaboda, yaani pikipiki ya kubeba abiria. Bodaboda anamtoa mama mjamzito kijijini usiku na kumfikisha hospitali. Lakini huyo huyo akienda mbio bila kofia ngumu, anaweza kufika hospitali yeye mwenyewe kama mgonjwa.

Kuna pia biashara zinazotokana na kilimo. Hizi ndizo zinazotuhusu zaidi sisi wakulima: maghala ya viazi na mahindi, maduka ya pembejeo, vitalu vya miche ya parachichi, viwanda vya kupasua mbao, mabanda ya kuku wa mayai, na ng'ombe wa maziwa wanaolishwa bandani. Anayeishi mjini halimi mahindi yake, na hakamui ng'ombe wake. Lazima anunue. Kila nyumba mpya inayojengwa ni soko jipya kwako wewe mkulima.

NJIANI KWENDA NJOMBE

Tukitoka Makambako tunapanda. Baridi inaongezeka. Mwezi wa Juni na Julai utahitaji koti zito, na mahali pengine asubuhi utakuta umande umeganda juu ya majani.

Kando ya njia utaona miti mingi: misindano, mikaratusi na miwati. Miwati ina habari yake. Mwaka 1949 ilianzishwa Njombe kampuni ya kupanda miwati, ambayo leo inajulikana kwa jina la TANWAT. Magome ya miti hiyo hutoa dawa ya kulainishia ngozi ili zitengenezwe viatu na mikanda. Baadaye ilianza pia kutengeneza nguzo na kuzalisha umeme kwa kuchoma kuni. Jambo hilo ni fundisho: mti mmoja, mazao mengi.

Karibu na mji wa Njombe utaona mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa kama zulia. Utaona pia mto Ruhuji ukianguka juu ya mawe. Mto huo hauishii Njombe. Maji yake yanashuka hadi Kilombero, kisha yanaingia mto Rufiji. Kwa hiyo mtu wa Njombe akiharibu chanzo cha maji, anamharibia na ndugu yake wa mbali asiyemjua.

Kutoka Njombe mjini barabara zinakwenda Songea, Makete, Ludewa na Lupembe. Siku hizi lami imefika Makete. Malori ya viazi na mbao yanashuka kutoka huko kila siku. Pembeni mwa mji, kama Mji Mwema na Ramadhani, nyumba mpya zinaonekana kila mwaka.

VIAZI NA LUMBESA

Sasa tuzungumze faida na hasara. Tuanze na viazi.

Viazi mviringo vya Njombe vinaliwa Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma na hata mbali zaidi. Chipsi nyingi zinazoliwa mjini zinatokana na jasho la mkulima wa huku. Lakini je, jasho hilo linalipwa sawasawa?

Wewe unajua lumbesa. Ni gunia linalojazwa hadi mdomoni, kisha juu yake linashonewa kilemba cha viazi. Sheria ya vipimo inakataza jambo hili. Gunia lisizidi kilo 100. Lakini mahali pengine lumbesa bado ipo.

Tupige hesabu. Tuseme bei ni shilingi 60,000 kwa gunia la kilo 100. Hiyo ni shilingi 600 kwa kilo moja. Mnunuzi akijaza lumbesa ya kilo 130 na kukulipa bei ile ile, umempa kilo 30 bure. Kilo 30 mara shilingi 600 ni shilingi 18,000. Ukimuuzia magunia 10, umempa shilingi 180,000 bure. Fedha hizo zingetosha kununua mifuko ya mbolea, au sare na madaftari ya watoto.

Dawa ya lumbesa ni mzani. Mkulima mmoja akisema, "Mimi nauza kwa kilo," mnunuzi atakwenda kwa jirani. Wakulima wote wa kijiji wakisema hivyo, mnunuzi hana pa kwenda. Nunueni mzani kwa pamoja katika kikundi au chama cha ushirika. Kila anayepima asome namba mwenyewe, na aandike katika daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

PARACHICHI NA MITI

Parachichi ni zao lililobadilisha sura ya Njombe. Aina inayotafutwa sana na wanunuzi wa nje ni Hass. Mche uliobebeshwa vizuri huanza kuzaa baada ya miaka 3 hivi. Kwa hiyo vijana wengi wameanzisha vitalu pembeni mwa mji na wanauza miche. Hii ni kazi nzuri, haihitaji shamba kubwa. Lakini wewe mnunuzi wa miche uwe mwangalifu. Nunua kwenye kitalu kinachojulikana. Ukiuziwa mche wa uongo, utaujua uongo huo baada ya miaka 3, na muuzaji umemsahau.

Jambo la pili ni kuchuma kabla ya wakati. Mnunuzi mwenye haraka anaweza kukushawishi uchume tunda changa. Tunda changa haliivi, linanyauka tu na kuwa kama mpira. Likifika nje ya nchi linatupwa, na jina la Njombe linachafuka. Chuma moja, lipasue, tazama kokwa. Ngozi ya kokwa ikiwa nyeupe na nene, tunda bado. Ikiwa ya kahawia na nyembamba, tunda limekaribia kukomaa. Hapo mwite afisa ugani athibitishe.

Miti ya mbao nayo ni benki ya mkulima. Lakini wengi wanakata misindano ikiwa michanga kwa sababu ya shida ya fedha. Mti mchanga hutoa mbao chache na dhaifu. Ukiweza kungoja, panda kila mwaka kipande kidogo. Hapo utakuwa na miti ya kuvuna kila mwaka, kama ngazi.

Na usipande mikaratusi bondeni. Inakunywa maji mengi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji ziachwe bila shughuli za kuharibu. Tunajua kwamba vinyungu vya bondeni vinatupatia mboga wakati wa kiangazi. Lakini chanzo kikikauka, hata kinyungu hakitakuwepo.

USIUZE SHAMBA KAMA UNAUZA KUKU

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote niliyosema.

Mji unapokuja karibu, dalali hufika kwanza. Anakuja na maneno matamu. Anakuta mzee ana shida: mtoto ana ada, mama anaumwa, paa linavuja. Anamwambia, "Shikamoo mzee wangu. Shamba hili halina kazi, limechoka. Nitakupa fedha leo leo." Mzee anaweka dole gumba kwenye karatasi asiyoijua.

Tupige hesabu tena. Ekari moja ni mita za mraba 4,000 hivi. Kiwanja kimoja cha nyumba, mita 20 kwa mita 20, ni mita za mraba 400. Ukiacha nafasi ya barabara na njia, ekari moja inaweza kutoa viwanja 7. Tuseme mnunuzi anakupa shilingi milioni 3 kwa ekari nzima. Kisha anakata viwanja 7 na kuuza kila kimoja shilingi milioni 2. Anapata milioni 14. Hata akitoa gharama za kupima, faida ni yake. Bei hizi ni za mfano tu. Lakini njia ya kuhesabu ni hiyo hiyo kila mahali.

Baada ya miaka 2 fedha zimekwisha. Mzee aliyekuwa na shamba sasa anapanga chumba, na wanawe wanakuwa vibarua katika ardhi iliyokuwa yao.

Sisemi kwamba kuuza ni dhambi. Nasema uuze ukiwa umefungua macho. Fuata mambo haya:

1. Jua ardhi yako iko chini ya nani. Ikiwa bado ni ardhi ya kijiji, inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mtu wa nje ya kijiji hawezi kupewa haki ya ardhi bila kibali cha halmashauri ya kijiji. Ikiwa kijiji kimeingizwa mjini na kuwa mtaa, mipango ya ardhi inafanywa na halmashauri ya mji. Nenda ofisini ukaulize kabla hujauza.

2. Pata hati mapema. Kijijini kuna hati ya hakimiliki ya kimila. Mwenye hati ana sauti. Mji ukichukua ardhi kwa ajili ya barabara au shule, atadai fidia kwa urahisi zaidi kuliko asiye na karatasi.

3. Kaeni kama familia. Baba asiuze peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mume au mke mwenzake. Waulizeni na watoto waliokwisha kua.

4. Soma karatasi yote. Tazama jina, ukubwa wa eneo, mipaka, bei na tarehe. Hesabu zero za bei moja moja. Kama neno hulielewi, usitie sahihi. Rudi nayo nyumbani, au mpelekee mwalimu. Mnunuzi wa haki atangoja. Anayekataa kungoja ana jambo analoficha.

5. Ukiuza, usiuze yote. Bakiza sehemu ya kulima na ya kujenga. Vyumba 2 vya kupanga juu ya ardhi yako mwenyewe vitakulipa kila mwezi.

Ndugu yangu, umejifunza kusoma. Pembeni mwa mji kusoma ni kama ukuta wa shamba. Yule anayeweka dole gumba bila kujua, hana ukuta.

FEDHA IJE, AFYA ISIONDOKE

Mji unaleta fedha. Lakini fedha peke yake haijengi mwili.

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Njombe watoto 50 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Hili ni jambo la kushangaza. Mkoa wetu unalisha miji ya wengine, na watoto wetu wenyewe wanadumaa! Sababu mojawapo ni kwamba tunauza viazi, maziwa, mayai na maharage yote, kisha mtoto anapewa ugali na mboga kidogo. Mama naye anashinda shambani au sokoni, na mtoto anakula mara mbili tu kwa siku. Kabla hujapakia mzigo kwenye lori, tenga chakula cha nyumbani. Yai moja na kikombe cha maziwa kwa mtoto havitamfilisi baba. Parachichi lililokataliwa na mnunuzi kwa sababu ya mkwaruzo wa ngozi tu, bado ni chakula bora kwa mtoto.

Jambo la pili ni UKIMWI. Utafiti wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba mkoani Njombe watu karibu 13 kati ya kila 100 wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi. Hicho ni kiwango kikubwa kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara. Njia panda ina wageni wengi, vilabu vya ulanzi na nyumba za kulala. Pima afya yako. Ukikutwa na virusi, dawa zipo, na anayezinywa vizuri anaishi na kulima kama wengine.

Jambo la tatu ni choo na kisima. Nyumba zikisongamana, choo cha jirani kinakuwa karibu na kisima chako. Kati yake pawe na mita 30 au zaidi. Na chemsha maji ya kunywa.

TUFANYE NINI?

Mji hautarudi nyuma. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba na kampuni ya China wa kuifufua reli ya TAZARA. Treni zikiongezeka, Makambako itakua zaidi. Basi tusiungoje mji tukiwa tumelala.

Vijana na akina mama, jiungeni katika vikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii masharti yake. Kikundi kikipata mkopo, kifanye kazi ambayo wanachama wanaijua: kitalu, kuku, maziwa au mzani wa viazi. Msianzishe kazi kwa kuwa tu mmemwona jirani akiifanya.

Mkulima wa pembeni mwa mji ana bahati, soko liko mlangoni kwake. Akipima kwa kilo, akiweka daftari, akilinda ardhi yake na kuwalisha wanawe kwanza, mji utakuwa mteja wake. Asipofanya hivyo, mji utakuwa bwana wake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, katika kijiji chenu lumbesa bado ipo? Mtaikomeshaje kwa pamoja?
2. Ni watu wangapi katika kikundi chenu wana hati ya hakimiliki ya kimila? Wasio nayo wamekwamia wapi?
3. Nyumbani kwako, wiki iliyopita, watoto walikula nini kati ya vitu mlivyovuna na kuuza?
4. Mji ukifika kijijini kwenu baada ya miaka 10, ungependa ukukute unafanya kazi gani?